MWANA WA ISILII NA KAMERA YAKE

Ukimtaja marehemu Mohamed Amin, wengi watakumbuka zile picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984. Kumbe, ndugu msomaji, jamaa huyu alizaliwa papa hapa Eastlands, mtaa wa Isilii, mwaka 1943! Alilelewa Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanza kupiga picha angali mtoto wa shule.

Mimi lakini napenda zaidi picha zake za nchi. Alilizunguka Ziwa Turkana, penye mawe meusi ya volkeno, jua la kuchoma na upepo wa kung'oa hema, akatoa kitabu mwaka 1981. Maji yale ya kijani wengi wetu hapa mtaani tumeyaona kwa jicho lake tu.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake, John Mathai, akafa. Yeye akapoteza mkono wa kushoto. Tukadhani basi, kazi imekwisha. Wapi! Alirudi na mkono wa bandia, kamera begani.

Tarehe 23 Novemba 1996, akirudi Nairobi, ndege yao ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Watu 125 walikufa, naye akiwamo.