Muljibhai Madhvani: Mhamiaji aliyepanda miwa Kakira na funzo lake kwa Galu

MSAFIRI atokaye Galu kuelekea mpaka wa Lunga Lunga hupita Gazi, kisha Msambweni, na hatimaye hufika Ramisi, mji mdogo ambao kwa miongo mingi jina lake lilikuwa na maana moja tu kwa wakazi wa Kwale: sukari.

Kiwanda cha Ramisi kilianza mnamo mwaka wa 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu. Baadaye kilimilikiwa na familia ya Madhvani, jamaa ya Kihindi iliyokuwa imejijengea jina katika nchi jirani ya Uganda. Kilipofungwa mwaka wa 1988, wafanyakazi walipoteza ajira na wakulima wakabaki na miwa isiyokuwa na mnunuzi.

Aliyeweka msingi wa utajiri wa familia hiyo, Muljibhai Madhvani, alikuwa amefariki miaka 30 kabla ya mkasa huo. Hakuzaliwa Afrika, wala hakuja na mtaji wa kutajika. Hata hivyo, maisha yake yanastahili kusimuliwa wakati huu, kwa kuwa swali alilolijibu kwa matendo yake ndilo wanalojiuliza watu wa Galu hivi leo: mali iletwayo na mtu kutoka ng'ambo huota mizizi vipi katika ardhi ya wenyeji?

Swali hilo si dogo. Kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 za Marekani katika mwaka wa 2024. Sehemu ya fedha za aina hiyo huishia katika viwanja na nyumba za Pwani. Wawekezaji wa kigeni nao wamejenga majumba ya likizo kando ya fuo za Diani na Galu, huku kijana wa Kidigo akipata kazi ya ulinzi wa lango.

Kutoka Gujarat hadi Iganga

Muljibhai alizaliwa tarehe 18 Mei, 1894, katika kijiji cha Aashiapat huko Gujarat, magharibi mwa India. Gujarat ni nchi ya mabaharia na wafanyabiashara, na uhusiano wake na mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa wa karne nyingi. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazi yakiwa na nguo na shanga, yakarudi na kusi yakibeba pembe za ndovu na bidhaa nyinginezo.

Mnamo mwaka wa 1908, akiwa na umri wa miaka 14, alivuka bahari kuwafuata jamaa zake waliokuwa wametangulia Uganda. Njia ya siku hizo ilikuwa kushuka Mombasa, kupanda gari la moshi hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika mwaka wa 1901, kisha kuvuka Ziwa Victoria kwa meli. Kijana huyo alifikia Busoga, katika mji wa Iganga, akaanza kazi katika biashara ya jamaa zake iliyoitwa Vithaldas Haridas.

Wakati huo pamba ilikuwa imeingia Uganda miaka michache tu iliyotangulia. Wakulima wa Busoga walipanda, Wahindi wakanunua na kuichambua, na meli zikaipeleka ng'ambo. Muljibhai alijifunza kazi kuanzia chini: kuuza nguo, chumvi na mafuta ya taa, na kupima pamba ya mkulima.

Siri ya mafanikio ya watu wa jamii yake haikuwa fedha taslimu. Ilikuwa ni mkopo. Tajiri wa jumla alimpa bidhaa kijana wa ukoo wake au wa kijiji chake bila kudai malipo ya papo hapo, naye kijana alizilipia baada ya kuziuza. Dhamana yake ilikuwa jina la baba yake. Aliyekosa uaminifu alikuwa ameliharibia jina kabila zima la jamaa zake, huku na kule ng'ambo.

Mwafrika hakuwa na mlango kama huo. Mabenki hayakumthamini, na nchini Kenya sheria ya kikoloni iliwekea mipaka hata mikopo ambayo mwenye duka angeweza kumpa. Hivyo basi, wakati mhamiaji wa miaka 14 aliweza kupanda ngazi kwa kukopeshwa, mwenyeji mwenye bidii ile ile alibaki kuwa mkulima, mpagazi au kibarua. Ni muhimu jambo hili likumbukwe, kwa maana bila hilo mtu anaweza kudhani kwamba waliofanikiwa walifanikiwa kwa akili pekee.

Subira ya miaka 12

Mnamo mwaka wa 1918, Muljibhai alinunua takriban ekari 2,000 za ardhi huko Kakira, karibu na Jinja, kaskazini mwa Ziwa Victoria. Kiwanda chake cha sukari hakikuanza kazi hadi mwaka wa 1930. Miaka 12 ilipita kati ya kununua ardhi na kusaga miwa.

Hapa ndipo alipotofautiana na wafanyabiashara wengi wa kizazi chake. Duka hurudisha faida kwa miezi, lakini miwa huhitaji mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa, na kiwanda huhitaji mitambo, barabara, maji, mafundi na nyumba za wafanyakazi kabla ya kutoa hata gunia moja. Anayeingia katika kazi hiyo amekwisha kuamua kwamba haondoki.

Hakuwa wa kwanza. Mhamiaji mwenzake kutoka Gujarat, Nanji Kalidas Mehta, alikuwa ameanzisha kiwanda cha sukari huko Lugazi mwaka wa 1924. Wawili hao ndio walioifanya Uganda kuwa nchi ya sukari.

Kakira ilikua ikawa mji. Palijengwa nyumba za wafanyakazi, zahanati, hospitali na shule. Vibarua walikuja kutoka mbali, wakiwemo wengi wa West Nile. Faida ya sukari haikurudishwa Gujarat ikajengewa kasri, bali iliwekwa tena papo hapo katika mafuta ya kupikia, sabuni, peremende na uchambuaji wa pamba. Mwishoni mwa maisha yake familia iliingia pia katika biashara ya bia kupitia kiwanda cha Nile Breweries cha Jinja.

Aidha, Muljibhai aliithamini sana elimu, na shule ya sekondari ya Wairaka, karibu na Kakira, ilianzishwa ikibeba jina lake.

Kwa ufupi, alifanya yale yote ambayo wataalamu wa maendeleo wa leo huwahimiza watu wa ughaibuni wayafanye. Aliishi mahali alipowekeza. Alizalisha bidhaa badala ya kuuza ardhi. Alirudisha faida shambani.

Kasoro iliyobaki

Hata hivyo, hadithi hii ina upande wa pili.

Umiliki wa mali hiyo ulibaki ndani ya familia. Mwafrika alikuwa mkata miwa, dereva, karani, au mkulima aliyeuza pamba yake kwa bei aliyopangiwa. Hakuwa mbia. Manung'uniko dhidi ya mpangilio huo yalienea Uganda nzima, wala hayakumlenga Muljibhai peke yake. Mnamo mwaka wa 1949, ghasia zilizuka Buganda, na miongoni mwa madai ya wakulima ilikuwa haki ya kuchambua pamba yao wenyewe badala ya kuwategemea wenye mitambo. Kuanzia mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni ilianza kuviwezesha vyama vya ushirika kumiliki viwanda vya kuchambua pamba, lakini pengo lilikuwa limekwisha kuwa pana.

Muljibhai aliaga dunia tarehe 8 Julai, 1958, akiwa na umri wa miaka 64. Wanawe waliendeleza kazi, wakiongozwa na Jayant, na mwaka wa 1962, Uganda ilipojipatia uhuru, wakfu wenye jina la marehemu ulianzishwa ili kuwafadhili wanafunzi wa sayansi na ufundi. Jayant naye alifariki mwaka wa 1971.

Mwaka uliofuata, mtawala wa kijeshi Idi Amin alitoa amri ya kuwafukuza Wahindi katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, wengi wao wakiwa wamezaliwa Uganda. Manubhai, mwana mwingine wa Muljibhai, alitiwa gerezani Makindye kabla ya kuondoka nchini. Mashamba na viwanda vilitwaliwa na serikali.

Amri ile ilikuwa dhuluma, na hakuna hoja ya kiuchumi inayoweza kuihalalisha. Waganda wenyewe waliumia pia. Uzalishaji wa Kakira ulididimia, mashamba yakageuka msitu, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikaanza kuipanga foleni.

Lakini mtu hawezi kukwepa kuuliza: je, ingekuwa rahisi vivyo hivyo kwa dikteta kushangiliwa endapo maelfu ya Waganda wangekuwa na hisa zao katika mali ile? Mali ya mtu mmoja hutwaliwa kwa karatasi moja. Mali yenye wenyewe wengi huwa na watetezi wengi.

Familia ilirejea Kakira mwaka wa 1985, kwanza kwa ubia na serikali. Safari hii mambo yalipangwa kwa namna tofauti. Badala ya kutegemea shamba la kampuni pekee, kiwanda kilifufuliwa pamoja na maelfu ya wakulima wadogo wa Busoga wanaopanda miwa katika ardhi yao wenyewe na kukiuzia. Isitoshe, makapi ya miwa yalianza kuchomwa ili kuzalisha umeme, na ziada yake ikauzwa kwa gridi ya taifa. Wakulima na kiwanda bado hugombana kuhusu bei, kama ilivyo kawaida kati ya mwuzaji na mnunuzi, lakini ni ugomvi wa watu wanaohitajiana.

Ramisi na Galu

Tukirudi nyumbani, Ramisi haikupata bahati hiyo. Muwa ukishakatwa hupoteza sukari yake upesi, hivyo lazima usagwe katika muda wa siku moja au mbili. Mkulima wa Kwale hakuweza kuupakia katika lori aupeleke Mumias. Kiwanda kilipofunga milango mwaka wa 1988, jasho lake liliozea shambani. Mkulima huyo hakuwa na kiti katika meza iliyoamua hatima ya kiwanda, wala hakuwa na soko la pili.

Mnamo mwaka wa 2007, kampuni mpya, Kwale International Sugar Company, ilikodishiwa ardhi ya Ramisi, na kiwanda kipya kikajengwa kwa mtaji uliojumuisha fedha za wawekezaji kutoka Mauritius. Mradi huo uliandamwa na mizozo ya ardhi kwa miaka mingi. Huko Nguluku na Maumba nako, uchimbaji wa madini ya titani ulioendeshwa na kampuni ya Australia ulifikia kikomo mwezi Desemba, 2024, baada ya takriban mwongo mmoja. Kwa hivyo Kwale imekwisha kuona mara kadhaa jinsi mtaji wa mgeni unavyokuja, na jinsi unavyoondoka.

Galu ingali na nafasi ya kuchagua. Katiba ya mwaka wa 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, lakini si kuimiliki moja kwa moja. Katiba hiyo hiyo ilimruhusu Mkenya kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo aliye Ujerumani, Uingereza au Ghuba hana haja ya kulikana taifa lake ili alinde haki yake ya ardhi.

Maana yake ni kwamba familia yenye shamba lake karibu na ufuo hailazimiki kuliuza. Inaweza kulikodisha. Inaweza kuingia ubia, ardhi ikihesabiwa kuwa mtaji sawa na fedha. Mkenya wa ughaibuni anayetaka kujenga hoteli ndogo, kiwanda cha mafuta ya nazi au jokofu la samaki wa Gazi na Msambweni anaweza kuwapa wavuvi na wakulima hisa kupitia chama chao cha ushirika, badala ya kuwapa ajira ya ulinzi na ufagizi pekee.

Wazee wa Kidigo walilielewa jambo hili zamani. Msitu wa Kaya Kinondo, ulio jirani na Galu, umesalimika hadi leo huku misitu mingine ya Pwani ikitoweka. Haukulindwa na ukuta wala bawabu. Ulilindwa kwa sababu kila mmoja alijihesabu kuwa mwenye nao.

Muljibhai Madhvani alifika akiwa mtoto, akafanya kazi kwa nusu karne, na akaaga dunia akiwa na sifa ya mtu aliyejenga. Jina lake lingali katika wakfu wa masomo, na miwa ingali inameremeta Kakira. Alithibitisha kwamba mhamiaji anaweza kuifanya nchi ya ugeni kuwa nchi yake. Kazi ya kumfanya mwenyeji awe mwenye mali katika nchi yake mwenyewe aliiacha nusu, na wanawe ndio waliotozwa gharama ya nusu iliyosalia. Wanaoleta fedha zao Galu leo, wawe wageni au wana wa Kwale waliokwenda ng'ambo, wana nafasi ya kuanza na nusu hiyo.