LAVOISIER NA BATI ILIYOBAKI

Katika jaribio la kemia wengi wetu tulianguka kwa swali moja: vitu viwili vikiungana, ni kipi kinaisha kwanza? Tulichukua kile chenye uzito mukubwa tukahesabu nacho. Ndiyo maana tunaleta maisha ya Antoine Lavoisier, juu jambo hilo alilikuta ndani ya bati. Si mabati ya nyumba! Ni ile bati inayotoka katika kasiterite ya Kalima, hapa hapa kwetu Pangi.

Alizaliwa Paris tarehe 26 Agosti 1743. Alisoma sheria, lakini roho yake ilikuwa katika sayansi. Mwaka 1768 aliingia kampuni ya wakusanya kodi wa mufalme. Pesa ya kule ilimununulia mizani nzuri sana. Mwaka 1771 alioa Marie-Anne Paulze, binti wa miaka 13, ambaye nyuma alimutafsiria vitabu vya Kiingereza na kumuchorea vyombo vyake vya kazi.

Wakati ule watu walijua kwamba bati ikichomwa inageuka unga na kuwa nzito zaidi. Robert Boyle alifikiri moto unapenya kioo na kuongeza uzito. Lakini Boyle alifungua chombo kwanza, ndipo akapima. Mwaka 1774 Lavoisier alifunga bati ndani ya kioo, akapima, akachoma, akapima tena mbele ya kufungua. Uzito ulikuwa uleule. Alipofungua, hewa iliingia kwa mulio, na ndipo uzito ukaongezeka. Na bati je? Sehemu kidogo tu iligeuka unga, ingine ilibaki bati, hata moto ukiendelea. Katika chombo kikubwa zaidi unga ulikuwa mwingi zaidi. Basi bati haikupunguka, moto haukupunguka. Hewa ndiyo iliisha.

Sisi leo tunahesabu hivi: Sn + O2 → SnO2, ni kusema gramu 118,7 za bati na gramu 32 za oksijeni zinatoa gramu 150,7. Ndiyo kasiterite yenyewe! Tia gramu 50 za bati katika chombo chenye litre moja ya hewa. Oksijeni yake ni karibu gramu 0,28, inatosha bati gramu 1,04 tu. Mavuno ya hesabu ni gramu 1,32, hata mutu akitia kilo nzima ya bati. Ukipata gramu 1,1 kwenye mizani, umepata 83 kwa mia. Lavoisier hakujua moli. Alikuwa na mizani na uvumilivu.

Mwaka 1789 alichapisha kitabu chake kikubwa cha kemia, mwaka uleule mapinduzi yalipoanza. Wakusanya kodi walichukiwa sana, na si bure. Tarehe 8 Mei 1794 alikatwa kichwa pamoja na wenzake, na baba mukwe wake siku ileile. Marie-Anne alibaki, akakusanya maandiko ya mume wake na kuyatoa.