Speke: Mapepo au Ugonjwa?

John Hanning Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Tarehe 3 Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, aliliona ziwa letu hapa Mwanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria.

Miezi michache baadaye, msafara ulipokwisha kuondoka Tabora kurudi pwani, alipigwa na baridi kali. Maumivu ya kuchoma yakamzunguka mwilini. Watu wa nchi waliyaita kichomachoma. Homa ilipopanda, aliona mashetani na majitu yenye vichwa vya simba yakimnyofoa mishipa ya miguu. Akabweka kama mbwa, hata waliomtazama wakaogopa. Mwenzake, Richard Burton, alimuuguza. Ugonjwa ulipopungua, mashetani nayo yakatoweka. Speke alirudi ziwani mwaka 1862, akafa kwa risasi ya bunduki yake mwaka 1864.

Ndugu wasomaji, jirani akiweweseka leo, wengi wetu tunakimbilia kusema ana mapepo. Katekisimu, namba 1673, yataka kwanza tuhakikishe si ugonjwa. Basi tumwombee, huku tukimpeleka hospitali mapema.