Livingstone hakusikia meno ya simba, lakini vidonda vilimlaza Kabambare siku 80

David Livingstone, Mzungu aliyefika Maniema akifuata mto Lualaba kwa kudhani ndio mwanzo wa Nile, alikuwa pia munganga. Mwili wake mwenyewe ulimfundisha mambo mawili kuhusu maumivu, na la pili alilipata Kabambare.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Mwezi wa Februari 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba aliyejeruhiwa kwa risasi alimrukia, akamkamata bega na kumtikisa. Mfupa wa mkono wa kushoto ukavunjika. Livingstone aliona yote yaliyotendeka, lakini hakusikia maumivu wala woga. Alikuwa kama mtu anayeota. Mebalwe, mwalimu Mwafrika, alimvuta simba upande wake, na Livingstone akapona. Yeye aliamini kwamba hiyo ilikuwa huruma ya Muumba.

Alifika Kabambare Septemba 1869. Mwaka uliofuata alisafiri kuelekea kaskazini katika mvua na matope, miguu ikaota vidonda. Julai 1870 alirudi Kabambare akichechemea, na kwa siku 80 hakutoka nyumbani. Kila alipokanyaga chini, damu ilitoka. Alipaka unga wa malakiti, jiwe la shaba la kijani, na kusoma Biblia. Susi, Chuma na Gardner walibaki naye. Aliandika pia kwamba watumwa walikuwa na vidonda hivyo hivyo, na vilio vyao vilisikika usiku kambini. Wao hawakupewa siku 80 za kupumzika.

Kwa nini mfupa kuvunjika hakukumuuma, na kidonda cha mguu kikamshinda? Ngozi na nyama zina ncha za neva zinazotambua hatari. Neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo, na hapo ndipo mtu husikia maumivu. Lakini ubongo nao hutuma amri kushuka chini. Mwaka 1965, Melzack na Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu kama mlango, unaoweza kufungwa au kuachwa wazi. Mbele ya hatari kubwa, ubongo huweza kuufunga, na mwili hutoa dawa yake wenyewe inayofanana na mofini, ili mtu apate kujiokoa. Kidonda kilichovimba hufanya kinyume: ncha za neva huwa kali zaidi, hata kuguswa kidogo kunaumiza. Ndivyo mwili unavyomlazimisha mtu apumzike.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao walibeba maiti hadi pwani. Huko London, mwaka 1874, wanganga waliitambua kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba bila yeye kusikia maumivu.