Lev Vygotsky

Lev Semyonovich Vygotsky (Orsha, leo nchini Belarus, 17 Novemba 1896 - Moscow, 11 Juni 1934) alikuwa mwanasaikolojia wa Umoja wa Kisovyeti. Anajulikana hasa kwa nadharia yake kuhusu nafasi ya jamii, lugha na mchezo wa kuigiza katika ukuaji wa mtoto, wakiwemo watoto wenye ulemavu.

Maisha

Alikulia Gomel katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1913 alipata kwa kura moja ya nafasi chache walizotengewa Wayahudi katika Chuo Kikuu cha Moscow, akasoma sheria. Mwaka 1917 alirudi Gomel akawa mwalimu. Huko alipatwa na kifua kikuu, ugonjwa uliomsumbua hadi kufa.

Mwaka 1924 alihutubia mkutano wa wanasayansi mjini Petrograd, kisha akaalikwa kwenye Taasisi ya Saikolojia ya Moscow. Alifanya kazi pamoja na Alexander Luria na Alexei Leontiev.

Ulemavu na mchezo

Vygotsky alishughulikia watoto viziwi, vipofu na wenye ulemavu wa akili. Alifundisha kwamba dhara la mwili au la ubongo ni chanzo tu: mengi yanayomrudisha mtoto nyuma hutokana na kutengwa na wenzake, na hayo yanaweza kuzuiwa. Hivyo alipinga kumpima mtoto kwa yale tu asiyoyaweza.

Katika muhadhara wa mwaka 1933 mjini Leningrad alieleza kwamba mtoto anayepanda fimbo na kuifanya farasi hutenganisha maana ya kitu na umbo lake. Huo ni mwanzo wa kufikiri mambo yasiyoonekana. Tena, mchezo huwa na kanuni: anayeigiza mama hulazimika kutenda kama mama. Aliona pia kwamba lugha ikichelewa au kuharibika, uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo nao hudhoofika.

Baada ya kifo

Alifariki akiwa na umri wa miaka 37. Kitabu chake kuhusu fikra na lugha kilitolewa mwaka huohuo. Mwaka 1936 serikali ilipiga marufuku taaluma ya pedolojia, na kwa miaka 20 hivi maandishi yake hayakuchapishwa tena nchini. Muhadhara kuhusu mchezo ulichapishwa mwaka 1966.

Leo mawazo yake hutumiwa na walimu na wataalamu wanaosaidia watoto wadogo, wakiwemo walioumia ubongo, kujifunza kwa kucheza pamoja na wenzao.