Ibn Majid, nahodha aliyehesabu safari kwa nyota

Mfanyabiashara wa Arua akikwama njiani kwenda Koboko hupoteza siku moja, labda mbili. Zamani, mwenzake wa pwani akikosa pepo za msimu alingoja hadi mwaka mwingine, na mali ghalani.

Ahmad ibn Majid aliijua hasara hiyo. Alizaliwa Julfar, leo Ras al-Khaimah, katika karne ya 15, mwana na mjukuu wa manahodha. Dira yao ilikuwa na pande 32, nyingi zikiitwa kwa nyota inayochomoza au kutua upande huo. Urefu wa nyota juu ya bahari ulipimwa kwa vidole. Siku ya kung'oa nanga ilihesabiwa tangu Nairuzi, kwa kuwa miezi ya Kiislamu huhama misimu. Hayo aliyaandika katika Kitab al-Fawaid, mnamo 1490, na njia ya Sofala akaitungia shairi.

Elimu hii haikuwa ya Waarabu peke yao. Kisiwani Rapa Nui, alama za ubao mmoja wa rongorongo zilitambuliwa mwaka 1958 kuwa kalenda ya mwezi, na Kilimia chetu wao hukiita Matariki.

Jina la Ibn Majid lilichafuliwa baadaye. Mwandishi mmoja wa Makka alidai kwamba yeye, akiwa amelewa, ndiye aliyewaonyesha Wareno njia ya India. Lakini wanahistoria wa Kireno walimtaja rubani aliyemchukua Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 kuwa Mgujarati. Mimi naona mzee alisingiziwa.