Daktari Fischer na Kasuku wa Serengeti

Mwanafunzi atokaye Bomani, mjini Tarime, akafika katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, huweza kuwaona kasuku wadogo wanaoruka kwa makundi huku wakipiga kelele. Miili yao ni ya kijani, midomo yao ni myekundu, na jicho la kila mmoja limezungukwa na duara jeupe. Wenyeji waliwafahamu ndege hawa tangu zamani. Katika vitabu vya sayansi wanaitwa kasuku wa Fischer. Je, Fischer alikuwa nani?

Gustav Adolf Fischer alizaliwa mwaka 1848 huko Barmen, Ujerumani. Alisomea udaktari, lakini alipenda pia kuchunguza ndege na wanyama. Mwaka 1876 alisafiri kuja Unguja. Huko alitibu wagonjwa, na mara kwa mara akavuka kwenda bara. Mwaka 1882 aliondoka Pangani, na mwaka 1883 akafika Ziwa Naivasha, ambalo leo limo katika Kenya. Wamasai walimzuia asiendelee mbele, naye akarudi pwani.

Mwaka 1885 Fischer alianza safari nyingine. Alitumwa kumtafuta mpelelezi Wilhelm Junker, aliyekuwa amekwama mbali kaskazini kwa sababu ya vita vya Sudan. Fischer na wapagazi wake walitembea kwa miguu hadi kusini mwa Ziwa Viktoria. Kabaka Mwanga wa Buganda hakumruhusu kupita katika nchi yake. Fischer alijaribu njia ya mashariki ya ziwa, lakini alishindwa, akarudi pwani mwaka 1886 bila kumwona Junker. Mwezi Novemba mwaka huo alifariki kwa homa mjini Berlin. Alikuwa na umri wa miaka 38 tu.

Hata hivyo, taabu yake haikupotea bure. Katika safari zake alikusanya ndege wengi kwa ajili ya uchunguzi. Mwaka 1887 Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Berlin, aliandika habari za aina mbili za kasuku wadogo wa nchi yetu. Aina moja aliipa jina la Fischer, ambaye hakuwahi kulisikia.

Tuwalinganishe kasuku hao. Wote wana mwili wa kijani, mdomo mwekundu na duara jeupe machoni. Lakini kasuku wa Fischer, aishiye Serengeti, ana shingo ya rangi ya machungwa. Kasuku wa aina ya pili, aishiye pande za Tarangire na Dodoma, ana kichwa cheusi na kola ya njano shingoni.

Kwa nini wanafanana na pia wanatofautiana? Wanafanana kwa sababu asili yao ni moja. Wanatofautiana kwa sababu makundi yao yalikaa mbalimbali kwa muda mrefu sana. Kila kundi lilizaana lenyewe kwa lenyewe, na tofauti ndogo ndogo zikarithiwa na watoto, kizazi baada ya kizazi.

Huko Naivasha, kule kule Fischer alikozuiwa, kasuku wa aina zote mbili waliletwa na watu. Ndege hao wamezaana, na watoto wao wana sifa zilizochanganyika. Jambo hili linaonyesha kuwa undugu wao ni wa karibu.

Katika miaka ya 1980 kasuku wa Fischer walinaswa kwa wingi na kuuzwa nchi za nje, hata idadi yao ikapungua. Kundi likiisha porini, urithi uliochukua muda mrefu kujengeka hupotea pamoja nalo. Ni wajibu wetu kuwatunza.

Maswali
1. Taja sifa mbili zinazofanana na moja inayotofautiana kati ya kasuku hao.
2. Chunguza kuku watano wa nyumbani kwenu. Ni sifa zipi wamerithi kwa wazazi wao?
3. Kwa nini si vema kuwanasa kasuku wa porini?